Nyani Walipoacha Kulala Magengeni

Ukitaka kujua kama chui yupo mahali, usipoteze muda kumtafuta chui. Utachoka bure. Chui amekwisha kukuona tangu unafunga kamba za viatu. Tafuta nyani wanalala wapi. Wakilala kwenye magenge, juu kabisa, mahali ambapo hata mbuzi angesita kusimama, na wakiwahi kupanda huko jua likiwa bado kali, basi chui yupo. Ukiwakuta kwenye miti ya kawaida karibu na barabara, jike amejilaza na mtoto wake kama mtu aliye sebuleni kwake, chui hayupo. Na watu wanaoishi karibu na hapo anza kuwapa pole.

Nawaambia haya ninyi vijana mnaoanza kazi ya askari wa wanyamapori, kwa sababu juzi mmoja wenu alipita hapa kwangu, akaniamkia vizuri, halafu akaniuliza, "Mzee, hivi nyani nao ni kazi? Si mnawafukuza tu?" Nilicheka naye. Alipoondoka, kicheko kiliniisha.

Sehemu kubwa ya kazi yangu niliifanya katika kijiji kimoja cha ukingoni, pale ambapo uwanda wetu wa Ufipa unakatika ghafla na kuporomoka kwenye bonde la Ziwa Rukwa. Sitakitaja. Wenyewe bado wapo, na mengine nitakayosema hawatafurahi kuyasikia. Waliniita Bwana Nyama, kama wazee walivyomwita kila askari wa kazi hii. Jina langu la ubatizo, Oswadi, lilibaki la kanisani na nyumbani.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Alfonsi, mtu wa Kirando, mfupi, mwenye kikohozi cha tumbaku ambacho nadhani wanyama wote wa ukingoni walikifahamu. Alikuwa akisema kazi yetu ni ya macho na makalio: utazame sana na ukae sana. Siku zangu za kwanza alinikalisha juu ya jiwe ng'ambo ya korongo, akaniagiza nitazame kundi moja la nyani tangu washuke magengeni mpaka warudi kulala. Nisifanye kitu kingine chochote. Nilidhani ananiadhibu kwa kosa nisilolijua.

Nilichoona ni hiki. Nyani walisubiri miamba ipate joto ndipo wakashuka. Madume walitangulia, wakakaa juu ya mawe na kuangaza macho. Majike na watoto walibaki katikati. Walipofika penye nyasi ndefu, wote walisimama. Ndani ya nyasi zile kulikuwa na kila kitu nyani anachokipenda: mayai ya kanga na ya kwale, panzi, viazi pori. Hawakuingia. Walizunguka mbali, wakipita kwenye udongo mtupu, wanaona kila upande. Mashamba ya mahindi yaliyokuwa katikati ya uwanda, mbali na miti na miamba, hawakuyagusa kabisa. Walikuwa wezi wa mistari ya pembeni. Dume mmoja akibweka tu, kundi zima liko juu. Na jua lilipoanza kulegea walikwisha kurudi kwenye magenge yao, wakati mimi bado nina hamu ya kuwatazama.

"Mbona wanawahi hivi?" nilimuuliza Alfonsi.

"Wewe ungechelewa njiani kama jirani yako ni chui?"

Hilo ndilo somo la kwanza, nami nililisahau haraka kama ninyi mtakavyolisahau, kwa sababu lilikuwa rahisi mno.

Sasa nikurukisheni mbele. Miaka kadhaa baadaye nilisimama kwenye shamba la mama mmoja mjane, jina lake Sesilia, nimevaa kitenge chake, kitambaa kichwani, mzigo wa kuni mabegani, na ndani ya kuni nimeficha bunduki. Msicheke kwanza. Nyani humtofautisha mwanamume na mwanamke vizuri kuliko sisi. Wanajua anayebeba bunduki ni nani. Mwanamume akitokea wanakimbia. Mwanamke wanamwangalia tu, na akiwatupia mawe wanasogea kidogo, kama watu wanaompisha mpita njia. Sesilia alikuwa amechoka kupishwa. Shamba lake ndilo lililokuwa la mwisho kabla ya korongo. Mtoto wake wa kiume alikuwa amekwenda Kasanga kupakia mizigo kwenye boti, nyumbani amebaki na binti yake Yustina, aliyekuwa darasa la nne. Basi tukakubaliana mimi niwe Sesilia kwa asubuhi moja.

Nilikwenda vizuri mpaka katikati ya shamba. Dume mkubwa alikuwa amekaa juu ya tuta, anamenya hindi bila haraka. Alinitazama usoni. Akanitazama kitenge. Kisha akateremsha macho mpaka miguuni, akaviona viatu vyangu vya kazi. Alibweka mara moja, na kabla sijafungua mzigo shamba lilikuwa tupu.

Nyuma yangu nilisikia Sesilia anacheka. "Bwana Nyama! Wanawake wa hapa hawatembei kama wako kwenye gwaride!"

Yustina alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani ya maharage, ameshika tumbo. Alikuwa na pengo la meno mbele. Nikimkumbuka, namkumbuka hivyo kwa kupenda, kwa sababu nikiacha akili ijiendee yenyewe huwa inakwenda mahali pengine.

Lakini lazima mjue tulifikaje huko, mpaka nyani akae juu ya tuta katikati ya uwanda mchana kweupe.

Kulikuwa na mfugaji mmoja, Mzee Masanja, aliyehamia kwetu na familia yake kutoka upande wa Usukuma. Alikuja na ng'ombe wengi na maneno machache. Chui wa korongoni, ambao siku zote waliishi kwa digidigi, pimbi na nyani, waliona ndama, na ndama hana mbio wala hapandi miamba. Wakaanza kuchukua. Wafipa nao walipoteza mbuzi. Watu walikuja kwangu kila wiki na lawama zao, na walikuwa na haki.

Mimi na Alfonsi tulijaribu mtego wa sanduku, tumkamate mmoja apelekwe mbali. Tulimkamata mbwa wa katekista. Tukautega tena kwa mbuzi mwenye sauti nzuri zaidi, tukamkamata mbwa yuleyule wa katekista. Baada ya hapo hakuna aliyetuamini tena, na sikushangaa.

Asubuhi moja nikaitwa kwenye chemchemi iliyo chini ya kijiji. Chui jike alikuwa amelala ubavu, mdomo wazi, na mtoto wake mkubwa hatua chache kutoka kwake. Kando yao, kwenye majani, tai walikuwa wameanguka mbawa zimetanda. Mtu alikuwa ametia dawa ya wadudu wa shambani ndani ya mzoga wa mbuzi. Baada ya siku chache dume naye akaonekana korongoni, ameoza. Kila mtu alijua ni Masanja, na kila mtu alimpongeza. Palipikwa pombe ya ulezi, na Wafipa na Wasukuma walikunywa pamoja kwa mara ya kwanza tangu wajuane. Alfonsi, ambaye alikuwa amekaribia kustaafu, aliwatazama wale wanyama, akawasha tumbaku yake.

"Haya," akasema. "Sasa tutapumzika."

Alisema kweli kwa upande wake. Alirudi Kirando, na huko akafa bila kuona yaliyofuata. Namheshimu sana mzee yule. Lakini aliyenifundisha kwa nini nyani wanawahi kulala ndiye huyo aliyesema tutapumzika. Mtu anaweza kujua jambo na lisimjie kichwani siku anapolihitaji.

Mabadiliko hayakuja kwa kishindo. Kwanza zilikuwa zile nyasi ndefu. Nilimwona jike mmoja, peke yake na mtoto mgongoni, ndani ya nyasi zinazomfika kichwani, anachimba. Nilidhani amepotea kundi. Kesho yake nikaona wengine. Msimu uliofuata kanga hawakulia tena asubuhi. Nilikuwa nimezoea kelele zao kama mtu anavyozoea saa ya ukutani, na siku moja nikatambua kwamba ukingo mzima uko kimya. Mayai yalikuwa yameliwa yote.

Kisha waliacha kurudi magengeni. Walianza kulala kwenye mikaratusi iliyopandwa nyuma ya shule. Mwalimu alifundisha huku wanatembea juu ya mabati. Kundi lililokuwa likitembea limeshikamana, madume pembeni, liligawanyika vipande vipande, kila kipande kinakwenda kivyake, kwa sababu hapakuwa tena na sababu ya kushikamana. Mashamba ya katikati ya uwanda, ambayo hata babu zetu hawakuyalinda, wakayafikia. Waling'oa mbegu za mahindi siku ya pili baada ya kupandwa, mstari mzima, kama mtu anayefumua mshono. Watu walisimamisha sanamu la majani na kulivisha kofia. Niliwahi kumkuta nyani amekaa ubavuni mwa sanamu hilo, amelivua kofia.

Wengi hudhani nyani waliongezeka tu. Waliongezeka, ndiyo, lakini hilo si kubwa. Nyani walewale niliowajua kwa sura walianza kufanya mambo ambayo hawakuwahi kuyafanya. Chui alikuwa anakula nyani wachache sana. Alichokula hasa ni muda wao na nafasi yao. Kila saa waliyoitumia kuangaza macho, kila mahali walipopaogopa, chui ndiye aliyepashika, hata kama amelala usingizi ng'ambo ya korongo. Alipokufa, wakapewa vyote kwa mkupuo.

Nyama walikuwa wakiionja tangu zamani. Nyani akimkuta mtoto wa sungura au wa digidigi humla. Lakini ilikuwa bahati, kwa kuwa hakuthubutu kuhangaika mbali. Sasa alikuwa na siku nzima, na mbuzi wamefungwa kando ya mashamba. Madume walijifunza kwamba mbuzi akizaa, mtoto wake hawezi kukimbia siku za kwanza. Wakaanza kuja kwa ajili hiyo.

Watoto wa shule walitolewa darasani kulinda. Mama mmoja hawezi kulima na kulinda kwa wakati mmoja, na baba wengi walikuwa na vibarua mbali. Mwalimu alilalamika, wazazi wakamuuliza, wao wale nini. Yustina alilinda. Alinisumbua kwa maswali kila nilipopita: kwa nini wananiogopa mimi na hawamwogopi mama yake, kwa nini yule mwenye sikio lililochanika hapigani na wenzake. Nilimjibu nilivyoweza. Na nilimwambia jambo ambalo nawaambia na ninyi mkawaambie watoto wote wa mashambani: nyani akitaka kitu ulichoshika, kiachie. Usikimbie, usimkodolee macho, kiachie.

Mahindi yalikuwa yameanza kukauka. Mbuzi wa Sesilia alikuwa amezaa, mtoto mmoja, jike, mweupe. Sesilia alikuwa upande wa pili wa shamba anavuna maharage. Yustina alikuwa na mbuzi. Dume alitoka korongoni akiwa peke yake. Yustina alimnyakua yule mwanambuzi chini ya pua ya nyani, akamkumbatia.

Sesilia alisikia mbuzi akilia, kisha akasikia mwanawe. Alikimbia na jembe. Anasema dume hakuondoka alipomwona, alimsubiri amfikie kabisa. Alipompiga jembe la mgongo ndipo akajitoa, akaenda zake akitembea, hakukimbia.

Mimi nilifika wakati wamekwisha kumfunga shingo na mkono kwa vitambaa. Yule mwanambuzi alikuwa hai. Gari la mfanyabiashara mmoja wa mahindi lilikuwa kijijini linapakia. Tukashusha magunia, tukapanda nyuma, Sesilia, binti yake na mimi. Njia ilikuwa ya matope na dereva alifanya yote anayoweza kufanya dereva. Yustina aliuliza mara moja kama mtoto wa mbuzi amepona. Tukamwambia amepona. Hakusema tena. Tulipofika kwenye mwinuko ambapo mabati ya Sumbawanga yanaanza kuonekana, Sesilia alimtazama binti yake usoni, akamfunika na upande wa kitenge. Dereva hakuambiwa kitu na mtu. Alizima gari mwenyewe.

Tulikaa pale. Upepo wa Ufipa mnaujua. Sesilia alikuwa anasema neno moja tu, polepole, kama anajifundisha: "Nilimwambia asimwachie. Nilimwambia asimwachie."

Nilikuwa nimemwambia mtoto kiachie, na mama yake, kwa umaskini wa nyumba yake, alikuwa amemwambia usimwachie. Kati yetu alimsikiliza mama yake, kama mtoto mwema anavyopaswa. Sikumwambia Sesilia hilo siku ile wala siku nyingine.

Baada ya mazishi kulikuwa na mkutano wa kijiji, nje ya ofisi ya mwenyekiti. Nilikwenda nikidhani tutazungumza juu ya kulinda. Nilipoona vijana wamekuja na marungu, nikajua ni jambo jingine. Ninyi mnajua maneno yanayosemwa juu ya mji wetu wa Sumbawanga na uchawi. Watu wa mikoa mingine hutania. Pale hapakuwa na utani.

Aliyesimama kwanza alikuwa Gaudensi, kaka wa marehemu mume wa Sesilia, yaani baba mkubwa wa mtoto.

"Nyani wa kawaida analala magengeni," akasema. "Tangu babu zetu. Nyani wa kawaida hali nyama ya mbuzi, hasubiri jembe. Hawa wametumwa. Na sote tunajua walianza baada ya nani kuja hapa na ng'ombe wake."

Watu waligeuka. Mzee Masanja alikuwa amekaa nyuma, na wanawe wawili. Kijana mmoja alitamka wazi kwamba nyumba ile ichomwe. Mwenyekiti alipiga meza, hakuna aliyemsikia.

Nilisimama. Niliwaeleza yote niliyowaeleza ninyi, nyasi, kanga, mikaratusi. Niliwaambia nyani hawa nawajua mmoja mmoja, ni walewale, wamepoteza aliyekuwa akiwatisha. Niliona nyuso zinasinzia. Maelezo hayamtoshi mtu aliyefiwa. Anataka mtu wa kumshika.

Ndipo Masanja akainuka. Alikuwa mzee tayari, mrefu, na Kiswahili chake kilikuwa cha taratibu.

"Mimi nyani sikuja nao," akasema. "Niliwakuta. Mimi niliua chui. Hilo ni langu, silikatai. Dawa ilikuwa yangu. Lakini mbuzi niliyemtia dawa, Gaudensi, si ulinipa wewe? Na siku ile si tulikunywa wote?"

Gaudensi alianza kusema, akaacha, kisha akapaza sauti zaidi kuliko mwanzo, na vijana wakaanza kusogea upande wa Masanja. Nilijua nina bunduki, na nilijua sitaweza kuielekeza kwa watu wale. Nilikuwa nimekula majumbani mwao.

Sesilia alikuwa amekaa chini na wanawake, amejifunika. Hakuinuka. Alisema akiwa pale pale chini, na watu walinyamaza kwa sababu tangu mazishi hakuwa amefungua mdomo.

"Nilimwosha mimi mwenyewe," akasema. "Yale ni meno ya nyani. Niliyaona yalivyoingia. Shemeji, ukitaka kuchoma nyumba ya mtu, choma. Lakini mtoto wangu usimtaje. Mkimtaja Yustina, nitakwenda kukaa ndani ya nyumba hiyo."

Gaudensi alikaa chini. Alilia, mtu mzima, mbele ya watu, na mkutano ukaishia hapo kwa kuwa hakuna aliyejua la kufanya baadaye.

Kesho yake palizuka mpango mwingine, wa kuwatilia sumu nyani kwenye mahindi. Nilipita nyumba kwa nyumba kuwaomba waache. Mbwa wangekufa, kuku wangekufa, na mtoto wa mtu angeokota hindi. Safari hii walinisikiliza kidogo, nadhani kwa aibu ya jana yake. Tulifanya mambo yaliyokuwa ya kuchosha na yasiyo na sifa. Tulikata mikaratusi ya shule yote, mwalimu akapoteza kivuli. Wanaume waliingia zamu ya kulinda, pamoja na mbwa, na watoto wakarudi darasani isipokuwa wakati wa mavuno. Mbuzi wenye watoto wachanga walikaa bandani. Mimi nilipiga risasi madume waliozoea mbuzi, akiwamo yule mwenye sikio lililochanika. Sikuipenda kazi hiyo. Dume akifa, mwingine anakuja kukaa juu ya tuta lake, na baada ya muda unaona umekuwa unafanya kazi ya chui, tena unaifanya vibaya, maana chui hahitaji kwenda nyumbani kula.

Walisogea, lakini hawakurudi magengeni.

Nilikuwa nimebakiza muda mfupi kustaafu nilipoanza kuona kitu. Kipande cha kundi kilikuwa kinawahi kuondoka mashambani. Nikaenda kwenye lile jiwe la ng'ambo ya korongo, nikakaa. Jua lilikuwa bado juu. Nyani walikuwa wanapanda magengeni.

Chini, kwenye mchanga wa korongo, nilikuta nyayo: mviringo, bila alama za kucha, kubwa. Nilichuchumaa kando ya nyayo zile muda mrefu, halafu nikazifuta na kiatu. Maana habari za chui zilikwisha kuvuma. Vijana wa bodaboda walikuwa wakisimuliana kijiweni, na mmoja alinipungia mkono nikipita. "Tukimwona tu tunammaliza, mzee! Dawa ipo!" Alikuwa kijana mzuri. Alikuwa mdogo sana wakati wa pombe ile ya ulezi.

Baada ya wiki chache, asubuhi, nilipita nyuma ya zizi la Masanja nikamkuta peke yake anachimba shimo. Amevua shati, mbavu zimemtoka, anahema. Pembeni kulikuwa na ndama, au sehemu iliyobaki ya ndama. Koo lilikuwa limebanwa, nyama ya nyuma imeliwa safi, kama kwa kisu. Sikuhitaji kuuliza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Hakuacha kuchimba. "Wanangu wamekwenda kunywesha ng'ombe. Wakirudi wakaona hii, dawa itatoka leo leo. Nataka wasione."

Nilimtazama mzee yule, chui amemla ndama wake, naye anatafuta namna ya kumficha chui. Nikasema la kazi.

"Ukimfukia huyu, atarudi atamkosa. Ana njaa. Atachukua mwingine."

Aliegemea jembe. "Sasa tufanyeje?"

"Tumrudishie."

Tukamshika ndama, yeye miguu ya mbele, mimi ya nyuma, tukamburuta kuelekea korongoni. Alikuwa mzito, na Masanja ilimbidi apumzike kila mara. Tulimteremsha mpaka chini ya vichaka, mahali wasipopita watu wala mbwa, tukamwacha pale. Wakati tunapanda kurudi, nyani walibweka mara moja juu ya magenge, kisha wakanyamaza.

"Wakiniuliza," Masanja akasema, "ndama alikufa kwa kuhara."

"Alikufa kwa kuhara," nikasema.

Njia ya kurudi inapita kando ya shamba la Sesilia. Alikuwa analima, na alituona kabla hatujamwona. Akaja mpaka njiani. Alituamkia, tukaitikia. Alitazama nguo zetu. Masanja akamwambia juu ya ndama na kuhara, kwa sauti ya mtu asiyejua kusema uongo.

"Poleni," Sesilia akasema.

Kisha akatazama chini. Mburuzo ulikuwa unaonekana wazi, majani yamelala, na damu imekatiza njia yote, kutoka upande wa zizi mpaka upande wa korongo. Tulikuwa tumeisahau. Alitazama ilikotoka, akatazama ilikokwenda. Alitazama magenge. Sijui aliwaza nini, na sikuthubutu kumuuliza mama yule kitu chochote.

Kwa mbali tulianza kusikia ng'ombe wakirudi na vijana wakipiga mluzi. Sesilia alishika jembe lake vizuri, akainama, akaanza kuifukia ile damu kwa udongo, kuanzia pale alipokuwa amesimama, akienda upande wa zizi.